Jinzi Yangu Ilirudi Inchi Tatu: Stori ya Dangirizi, Kaniki na Pamba ya Kwetu Mwanza

Wadau, mmeniulizia sana kuhusu ile picha. Msanii mmoja, simtaji na nyie msimtaje, aliposti jinzi imesimama yenyewe katikati ya sebule. Haina mtu ndani, haijaegemezwa ukutani, imesimama tu kama inasubiri daladala. Komenti zikawa za uchawi tupu. Mmoja akaandika imetiwa saruji. Hapana wanangu, ile ni jinzi mbichi, na mimi mwenyewe nina kidonda nayo.

Mwaka juzi niliagiza moja mtandaoni. Pamba tupu, mpya kabisa, shilingi 90,000, hela niliyojinyima miezi miwili. Ilikuja ngumu kama turubai, bluu iliyokaribia weusi. Kiuno kilikuwa sawa lakini urefu ulizidi inchi mbili. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na Mlango Mmoja, nikamwambia akate. Pale kwenye benchi alikaa mzee ambaye ujanani alifanya kazi Mwatex. Akaomba aishike. Akaivuta kwa vidole viwili, akainusa, akaniuliza, "Kijana, hii imeshaona maji?" Nikamjibu, "Bado mzee, mpya hiyo." Akasema, "Basi usiikate."

Nikaona mzee ananichelewesha. Fundi akapiga mkasi, akapiga pindo, nikalipa nikaondoka. Jumamosi nikailoweka kwenye maji ya moto, maana ilikuwa inachuja hadi mikono imekuwa ya bluu. Ilipokauka ilikuwa imerudi inchi tatu. Jumapili nimetoka nayo, inaishia juu ya vifundo vya miguu, naonekana kama mtu anayejiandaa kuvuka mto. Na haikuwa fasheni, msinidanganye.

Nilipokutana tena na yule mzee hakunicheka. Aliniambia tu kwamba zamani kila mama aliyenunua merikani alijua kwamba kitambaa kibichi kinalowekwa kwanza, kinaanikwa, ndiyo kinakatwa. Hilo neno merikani ndilo lililonifanya nianze kuchimba. Nikagundua kwamba sisi tulikuwa na elimu ya jinzi kabla ya jinzi, halafu ikatupotea katikati ya safari.

Twende taratibu. Merikani ni pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, Marekani. Wafanyabiashara wa bandari ya Salem walikuwa wanaileta Zanzibar, na mwaka 1833 Sultani Said alisaini mkataba wa biashara na Marekani. Kitambaa kikapewa jina la kwao, na kikaingia bara kwenye vichwa vya wapagazi. Kilikuwa nguo na kilikuwa hela. Kilipimwa kwa shuka na kwa doti, na ndiyo maana mpaka leo mama yako anaenda kununua khanga doti moja. Misafara ilitumia hivyo vipimo kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa.

Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki. Hii ilikuwa pamba iliyotiwa nili, bluu ya giza inayokaribia nyeusi, ikitoka zaidi upande wa India. Siku hizi ukisema kaniki watu wanafikiria mganga, lakini wakati ule ilikuwa nguo ya kawaida ya watu wa kawaida. Mwingereza Speke alipofika hapa Mwanza Agosti 1858 na kuliona ziwa, msafara wao ulikuwa umetoka pwani na marobota ya merikani, kaniki na shanga. Halafu Marekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865, pamba yao ikakatika, na vitambaa vya Bombay vikachukua soko. Ila jina likabaki merikani.

Sasa chukua uzi wa kaniki na uzi wa merikani, uzifume pamoja. Umepata jinzi. Sifanyi utani. Kitambaa cha jinzi kina nyuzi za urefu zinazoitwa mtande, na hizo ndizo zinazotiwa nili. Nyuzi za upana, mshindio, zinaachwa nyeupe. Mtande unapita juu ya nyuzi tatu za mshindio, unazama chini ya mmoja, na kila mstari unasogea hatua moja pembeni. Ndiyo maana ukiangalia jinzi kwa karibu unaona vimistari vya mshazari, na ukiigeuza ndani ni nyeupe.

Hata jina la zamani tulikuwa nalo. Wazee wanaita dangirizi. Neno lilitufikia kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wahindi, kwenye kitambaa kigumu cha kazi kilichohusishwa na Dongri, kule Mumbai. Jeans yenyewe inahusishwa na mji wa Genoa, Italia. Kwa hiyo ukimcheka babu akisema dangirizi, neno lake limepita Bahari ya Hindi, bahari yetu. La kwako limezunguka dunia nzima kabla ya kukufikia.

Nili nayo ina tabia zake. Haiyeyuki kwenye maji hivi hivi, lazima itengenezwe kwanza iondokewe na oksijeni. Uzi ukitoka kwenye pipa unakuwa wa kijani kijani, halafu ukikutana na hewa unageuka bluu mbele ya macho yako. Wanauchovya tena na tena. Lakini rangi inakaa nje tu, katikati uzi unabaki mweupe. Ndiyo maana jinzi inapauka pale unapoisugua, goti, paja, ukingo wa mfuko. Weupe ule ulikuwa ndani siku zote. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kutengenezwa kiwandani, na leo karibu jinzi zote zinatumia ya namna hiyo.

Kuhusu nani aliitengeneza suruali yenyewe, watu wote wanataja jina la tajiri. Mwenye wazo alikuwa fundi cherehani. Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, alikuwa na kibanda cha kushona kwenye mji wa Reno, Nevada. Mwishoni mwa 1870 mama mmoja alimjia akitaka suruali ya mume wake mkata kuni, maana kila aliyonunua ilichanika mifuko. Davis alikuwa na vile vipande vya shaba vya kugongelea mikanda na mablanketi ya farasi. Akavigongelea kwenye kona za mifuko. Suruali ikagoma kuchanika, wateja wakajaa. Hela ya kulipia hati ya ugunduzi hakuwa nayo, akamwandikia muuza vitambaa wake wa San Francisco, Levi Strauss, washirikiane. Hati ikatoka tarehe 20 Mei 1873. Jina la fundi liko kwenye karatasi, la muuza vitambaa liko kwenye makalio ya dunia nzima. Mafundi wetu wa Makoroboi nadhani wanaijua hiyo stori bila kuisoma.

Kila kitu kwenye suruali ile kiliwekwa kwa sababu ya kazi. Mfuko mdogo ndani ya mfuko wa kulia ulikuwa wa saa ya mnyororo. Mshono wa ndani ya mguu unakunjwa mara mbili na kupigwa mistari miwili, ili hakuna ncha ya kitambaa inayobaki wazi kufumuka. Mwanzo hakukuwa na lupu za mkanda, watu walivaa kwa kamba za mabegani na kuvuta kwa kifungo cha mgongoni, lupu zilikuja 1922. Ribiti za mifuko ya nyuma zilikuwa zinakwaruza viti na tandiko za farasi, kwa hiyo 1937 wakazificha chini ya kitambaa. Pindo la chini lilipigwa mshono wa cheni, ambao ukishafuliwa unajivuta na kuleta mikunjo kama kamba. Wapenzi wa jinzi wanaupenda ule mkunjo kama nini.

Halafu kuna ule ukingo. Mashine za zamani zilipitisha uzi wa mshindio kwenda na kurudi bila kuukata, kwa hiyo pembeni ya kitambaa kunakuwa na ukingo uliojifunga wenyewe, mweupe, mara nyingi una mstari mwekundu. Mashine mpya zina kasi zaidi na zinafuma kitambaa kipana, ila zinakata uzi kila mara, na mshono wa pembeni lazima upigwe ovaloki. Ukikunja pindo la jinzi ukaona ule ukingo mweupe kwenye mshono wa nje, ujue kitambaa kilifumwa kwa utaratibu. Haimaanishi suruali ni nzuri, na hapa watu wanapigwa sana. Wauzaji wanaonyesha ukingo mwekundu na kutaja bei ya bodaboda.

Nirudi kwenye inchi zangu tatu, maana ndiyo zilizoniuma.

Kitambaa kikiwa kwenye mashine, uzi wa mtande unavutwa kwa nguvu saa zote. Kinatoka kimenyooshwa, kimetiwa na wanga ili kisikatike, ndiyo ule ugumu unaosimamisha suruali ya msanii wetu. Ukikitia maji, wanga unatoka, pamba inavimba, nyuzi zinalegea na kujikunja kurudi kwenye hali yake. Kwa kuwa mtande ndio uliovutwa zaidi, urefu unapungua kuliko upana. Jinzi ambayo haijaona kitu chochote inaweza kurudi asilimia 7 hadi 10. Mguu wa inchi 32 ukipoteza tatu, hapo ndipo nilipo mimi.

Ila msichanganye mambo mawili. Mbichi maana yake haijafuliwa baada ya kutiwa rangi. Kuna mbichi ambayo kitambaa chake kilishasinyaishwa kiwandani kabla ya kushonwa. Huo ujanja ulitengenezwa na Mmarekani Sanford Cluett, ukaenea miaka ya 1930. Kitambaa kinapitishwa kwenye mvuke na kubanwa mpaka kijikusanye, na kinachobaki kurudi ni kama asilimia 1 hadi 3. Zote mbili ni ngumu, zote ni bluu ya giza, kwa macho hutajua. Muuzaji wangu hakuniambia, na mimi sikuuliza kwa sababu sikujua kama kuna swali.

Kwa hiyo mzee wangu alikuwa sahihi, na utaratibu wenyewe hauna siri. Kabla ya chochote, pima. Chukua futi, pima kiuno, paja na mguu wa ndani, uandike. Igeuze ndani nje, iloweke kwenye beseni kama nusu saa au zaidi. Maji ya uvuguvugu yanatosha kama kitambaa kilishasinyaishwa. Kama hakijasinyaishwa, yatie moto wa kweli ili irudi yote kwa mara moja, isikushangaze mwezi wa tatu. Anika kivulini. Najua Mwanza tuna mawe kila kona na tumezoea kutandaza nguo juu yake saa sita mchana, lakini jua lile na jiwe la moto vitakupaushia upande mmoja ubaki kama ramani. Ikikauka pima tena. Hapo ndipo unapoenda kwa fundi. Kiuno usikiogope sana kikibana kidogo, kinaachia ukivaa siku chache. Urefu ukishaondoka hauachii.

Wale wa Ulaya na Japani wanasema usifue miezi sita ili alama zichoreke vizuri. Na joto hili, na Hiace ya Igoma saa kumi na mbili jioni? Jirani yako kwenye siti atashuka kabla ya kituo chake.

Kukaa mwilini nako kuna historia yake kwetu, na siyo ya kuchekesha yote. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Dar es Salaam 1 Januari 1969. Vilivyopigwa vita vilikuwa sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua, na suruali za kubana. Yaani upana wa mguu wa suruali ulikuwa jambo la siasa. Baadaye vijana wakaenda upande wa pili, bugaluu na pekosi zinafagia barabara. Sisi tumepita kwenye mlegezo, tukaja modo ya kubana mpaka damu haipiti, na sasa tumerudi kwenye mapana. Jinzi ya kazi ya asili haikuwa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa na kiuno cha juu, paja lenye nafasi, mguu ulionyooka, kwa sababu mtu alitakiwa kuinama na kupanda ngazi.

Halafu ikaja njaa ya nguo. Mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzo wa 80, baada ya vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, maduka yakabaki na rafu. Wazee wanasimulia wenyewe, waulizeni nyumbani. Bajeti ya 1984 ikalegeza kamba, bidhaa zikaanza kuingia, na nguo za kuvaliwa zikafurika. Tuliziita kafa Ulaya, sasa tunasema mitumba. Tukaanza kuvaa jinzi kwa wingi, lakini jinzi iliyokwisha kufuliwa, kusinyaa na kulainika na mwili wa mtu mwingine. Kwa nini ujifunze kuloweka kitu ambacho kimeshalowekwa mara mia? Nadhani hapo ndipo elimu ya mama wa merikani ilipokatika. Mimi nimekulia kwenye mtumba, na suruali ya kwanza mbichi maishani mwangu nimeiharibu ndani ya siku nne.

Lakini mtumba nao una elimu yake. Belo likifunguliwa Mlango Mmoja, acha kukimbilia nembo. Soma mtu aliyekuwa ndani. Kuna alama ya mraba mfuko wa nyuma, pochi ilikaa hapo miaka. Goti moja limepauka kuliko lingine, huyo alikuwa anapiga goti kazini, labda fundi vigae. Mistari ya mapajani inakuonyesha alivyokaa. Kama mistari hiyo inakuja chini ya paja lako, ujue alikuwa mrefu kuliko wewe na suruali haitakukaa hata ukipunguza kiuno. Ukiona mguu umejisokota, mshono wa pembeni unakuja mbele, kitambaa hakikutayarishwa dhidi ya ule mvuto wa mshazari, na pasi haitausaidia. Simjui yule mtu, sitamjua, lakini nimeshavaa watu wengi sana.

Kuna nchi iliyoanzia hapo hapo tulipo. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Wajapani walikuwa wananunua jinzi zilizovaliwa na wanajeshi wa Marekani kwenye soko la Ameyoko, Tokyo. Mtumba, tena mtumba wa waliowashinda. Mji wa Kojima ulikuwa unashona sare za shule. Mwaka 1965 kampuni ya huko, Big John, ikaanza kushona jinzi kwa kitambaa cha kutoka Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kurabo wakafuma kitambaa cha Kijapani chenyewe. Leo mtu akitaka jinzi mbichi bora duniani anataja Kojima. Na pamba wanaagiza nje.

Sisi pamba inaota nyuma ya nyumba. Mwaka 1955 wakulima wa Usukuma, Paul Bomani akiwa mbele, waliunda chama kikuu cha ushirika, Victoria Federation, kwa sababu walichoka kupunjwa kwenye mizani. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kimetoa mbegu zenye herufi UK, na hiyo UK ni Ukiriguru, siyo Uingereza. Timu ya mji inaitwa Pamba. Hata mtaani mtu akivaa vizuri tunasema ametupia pamba. Kuzunguka ziwa kulikuwa na viwanda vya nguo kila kona, Mwatex hapa kwetu, Mutex Musoma, Kicomi Kisumu, Nytil kule Jinja tangu 1954. Nytil bado inafuma. Kicomi ilikufa, Mutex nayo ikazimika, na Mwatex ilibinafsishwa ikabadilisha jina, ila ile enzi aliyoijua mzee wangu haikurudi.

Piga hesabu na mimi. Jinzi moja inakula kama robo tatu ya kilo ya pamba iliyochambuliwa, na kwenye pamba ya shambani nyuzi ni kama theluthi tu, nyingine mbegu. Kwa hiyo ni kama kilo mbili na robo za pamba mbegu. Bei ya kilo kwa mkulima imekuwa ikicheza kwenye elfu moja na ushee. Suruali yangu ya 90,000 ilikuwa na pamba ya mkulima isiyofika 4,000. Sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka ikiwa nyuzi tu.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani wakatishia kutunyima soko la AGOA. Rwanda ikakaza, ikasimamishwa upande wa nguo mwaka 2018, sisi na wenzetu tukalegea. Nilikuwa naona tulikosa msimamo. Sasa sina uhakika. Ukifunga belo kesho, mama wa Mlango Mmoja atauza nini, na mimi nitavaa nini, wakati kitambaa cha jinzi cha kwetu hakipo sokoni? Hata Dar es Salaam kiwanda kimeshona jinzi za kwenda Marekani, lakini sharti la AGOA liliruhusu kitambaa kutoka nchi nyingine, na ndivyo biashara hiyo ilivyokwenda. Kushona tunashona. Kilichokatika ni kufuma na kutia nili.

Mzee wangu nilimuuliza kama Mwatex waliwahi kufuma jinzi. Akasema yeye alikuwa upande wa khanga na vitenge, mengine hakuyaangalia. Ila alinionyesha anavyopima kitambaa kibichi: anakata kipande kidogo pembeni, anakichora mraba kwa kalamu, anakichemsha, anakauka nacho mkononi, anapima mraba tena. Dakika ishirini. Ingeniokolea 90,000.

Suruali nilimpa dogo, yeye ni mfupi. Anavaa nayo gereji Nyakato, chini ya magari siku nzima. Juzi nimeiona kwenye kamba: magoti yote mawili yamepauka, na mfuko wa nyuma upande wa kulia una alama nyeupe, ndefu, ya spana namba 17.